Chini ya Pindo Jeusi

Tivi zote za Opareta zilikuwa zimebandikwa utepe mweusi juu na chini, ule utepe wa mafundi wa umeme, na mtu aliyeingia mara ya kwanza katika chumba chake cha gemu pale Kibokoni alidhani zimepasuka. Hazikuwa zimepasuka. Alizibandika mwenyewe, akipima kwa rula ya shule na kufumba jicho moja, kwa sababu aliamini kwamba picha inayojaa kioo chote haina adabu. Picha, alisema, lazima iwe na pindo kama kanga ilivyo na pindo, ndipo mtu ajue inaanzia wapi. Shida ni kwamba katika gemu za mpira magoli huandikwa juu kabisa ya kioo, na dakika pia, kwa hiyo watu walicheza kwake bila kujua nani anaongoza. Ugomvi haukuwa na mwisho. Wakimwendea awaamue, yeye ambaye hakuutazama mpira hata kidogo, alisema tu, "Aloshinda ajijua," akaendelea kunywa kahawa yake.

Nimekaa miaka mingi nikijaribu kumwelewa mtu huyu na sijafaulu. Jina lake nalijua, na ukoo wake Mji wa Kale wote waujua, lakini hakuna aliyemwita kwa hayo. Alikuwa Opareta. Enzi za sinema ndiye aliyeendesha mashini ya picha katika jumba moja la hapa kisiwani, jumba ambalo sasa ni ghala la magodoro, na lilipofungwa akayahamishia maisha yake kwenye chumba cha chini cha nyumba yake: tivi, mashini za gemu, mikeka, na feni moja iliyopiga kelele kuliko ilivyotoa upepo. Mkewe alikuwa hai wakati huo, mwanamke mnene, mcheshi, ambaye hakuna mtoto wa mtaa ule aliyepita mlangoni pake bila kutiwa kaimati tamu ya moto mkononi. Alipofariki, Opareta alibaki na swali moja, na swali hilo ndilo lililonifunga mimi naye. Alitaka kujua mkewe alikuwa akikaa wapi. Si nyumbani, bali sinema, siku za Jumatano.

Nitalieleza, lakini kwanza mjue mtu mwenyewe alivyokuwa.

Katika chumba chake cha gemu, Jumatano alasiri ilikuwa yetu wasichana. Sijui mahali pengine hapa mjini palipokuwa na desturi hiyo. Ikifika alasiri aliwatoa wavulana wote, hata aliyebakisha kidogo tu kushinda, mkewe akaingia kukaa nasi, na yeye mwenyewe akatoka kwenda kukaa barazani, mgongo umeuelekea mlango. Hakugeuka hata mara moja. Ila kufundisha alifundisha, kwa masikio, kutoka huko huko nje. "Ruka! Ruka, wewe! Humsikii yuwaja nyuma yako?" Mara nyingi alikosea. Rafiki yangu Swafiya alimtii siku moja, akaruka, akaangukia shimoni, na Opareta aliposikia muziki wa kufa akasema kwa huzuni ya kweli, "Si huyo. Nilikuwa nikimwambia mwengine."

Kuna gemu zenye hadithi ndani yake. Unakwenda, unapigana, unapanda kuta, halafu ghafla mapindo mawili meusi yanaingia, moja kutoka juu na moja kutoka chini, picha inakuwa nyembamba na ndefu kama ya sinema, na mtu wako anaanza kusema na kulia bila wewe kubonyeza chochote. Kwa wachezaji wengi hapo ndipo mahali pa kwenda kunywa soda. Kwa Opareta ilikuwa kama adhana. Yakiingia mapindo, kila mtu aliweka kontrola yake mkekani, mikono magotini, kimya. Aliyebonyeza ili kuiruka hadithi alitolewa nje mpaka kesho yake. Alituambia kwamba pindo jeusi maana yake ni kuwa sasa umekaribishwa, na mgeni aliyekaribishwa hashiki shiki vyombo.

Basi ungedhani aliyapenda mapindo hayo. Hata mimi nilidhani. Lakini mama yangu, jirani yake wa miaka yote, hunisimulia jinsi ilivyokuwa siku gemu ya kwanza ya namna hiyo ilipoingia chumbani mwake. Kwa kuwa tivi ilikuwa tayari na utepe wake, na gemu ikaleta mapindo yake yenyewe, picha ilibaki ufito mwembamba katikati. Opareta aliipiga tivi kofi. Akaipiga tena. Akamwita fundi, fundi akaifungua mgongo, akapangusa vumbi, akasema haina ugonjwa. Walipomweleza kwamba ni watengenezaji wa gemu walioweka ule weusi kwa makusudi, alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyeibiwa.

"Nani kanitilia pazia kwenye tivi yangu? Wameficha nini?"

Wakamwambia hawakuficha kitu.

"Hapana mtu azibaye mahali pasipo na kitu," akasema, akapiga magoti, akaweka shavu kwenye ukingo wa chini wa kioo na kuchungulia kuelekea juu, namna mtu anavyochungulia chini ya mlango.

Pindo lake lilikuwa adabu. Pindo la mwenzake lilikuwa hila. Siku moja, nimeshakuwa msichana mkubwa, nilimwuliza tofauti ni nini. Alifikiri mpaka kahawa yake ikapoa.

"Langu najua nimefinika nini."

"Umefunika nini, Ami?"

"Magoli."

Tulicheka wote mle ndani. Yeye hakucheka, na ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa naye, maana sikujua kama ni mzaha.

Jumapili alasiri alikwenda na mkewe ufukweni, pale Mama Ngina, kula mihogo, yenye pilipili nyingi na ndimu. Nimewahi kufuatana nao. Walikwenda kwa tuktuk, na Opareta aliipenda tuktuk kuliko mahali alipokuwa akienda, kwa sababu ukikaa nyuma paa lakata juu, kiti cha dereva chakata chini, nawe wapata picha pana ya miguu, madirisha na paka. Alimwomba dereva apite Mji wa Kale kwanza, polepole, ingawa ni kuzunguka bure. Wakifika Mama Ngina, watu wote wamekaa wakitazama bahari, yeye alikaa akiipa mgongo. "Ile haina mwisho. Yanichosha mato," alisema. Mkewe alikaa akiitazama. Kwa hiyo walikaa bega kwa bega, huyu anatazama huku na huyu kule, wakipitishiana karatasi ya mihogo bila kugeuza shingo, na wakizungumza muda wote.

Harusi alikuwa haendi ila kwa kulazimishwa, na video za harusi zilimtia hasira zaidi. Waliwahi kumwonyesha moja iliyopigwa kwa simu iliyosimamishwa, yenye weusi kushoto na kulia. Alitazama kidogo, akavaa viatu. Alisema yeye hakualikwa kuchungulia bibi harusi kwenye ufa wa mlango.

Na mimi nikakua, nikawa mchoraji wa gemu. Sijui kama ni kwa sababu yake. Mama husema ni kwa sababu yake, tena husema kwa kulaumu. Tuna ofisi ndogo mjini, watu wachache, na mwenzangu wa karibu ni Mutua, aliyekuja kutoka Machakos kufuata kaka yake wa bandarini, akabaki. Mutua ndiye anayeandika yale maagizo ya kompyuta yanayofanya michoro yangu itembee. Gemu tunayoitengeneza ni ya msichana anayetafuta njia katika mji wa zamani wa pwani, akipita ndani ya majengo yaliyofungwa. Jengo mojawapo ni sinema.

Mimi nilitaka mapindo meusi kila hadithi inapoingia. Wenzangu walinicheka, wakasema siku hizi watu hawayataki, wanataka picha ijae kioo. Mutua peke yake aliniunga mkono, lakini kwa sababu zake.

"Mimi nayapenda kwa vile yanapunguza kazi," aliniambia. "Kile kisichoonekana hatukichori. Kompyuta nayo inapumua."

"Kwa hiyo chini ya ule weusi hakuna kitu?"

"Inategemea. Pengine picha imechorwa yote, tumeifunika tu. Pengine hakuna kitu kabisa, ni utupu. Mchezaji hawezi kujua."

Jibu hilo lilinikaa kichwani vibaya. Miaka yote ile tulimwambia Opareta kwamba hakuna kitu, naye akibisha, na kumbe ukweli ni kwamba inategemea. Nilikwenda kumweleza, nikiamini atafurahi. Hakufurahi. Alisema basi ni vibaya zaidi kuliko alivyodhani, maana hata aliyeziba hajui ameziba nini.

Wakati huo mkewe alikuwa ameshafariki na chumba cha gemu kimefungwa. Alikuwa mtu wa barazani, na mtu wa barazani husimulia. Nilimwomba anieleze jumba la sinema lilivyokuwa, ili nilichore. Akanieleza. Kisha akanieleza habari ya Jumatano, na hapo nikajua ile desturi yake ya wasichana aliitoa wapi.

Sinema ile ilikuwa na shoo ya wanawake kila Jumatano alasiri, picha za Kihindi. Siku hiyo hakuingia mwanamume yeyote. Wanawake walikuja na watoto wachanga, vyakula na vikapu, na milango ikishafungwa walivua mabuibui wakayatundika kwenye migongo ya viti. Mwanamume mmoja tu alikuwamo katika jengo lile, na huyo ni mwendesha mashini. Kwa hiyo walimfungia. Chumba cha mashini kilikuwa juu, nyuma ya ukumbi, kina ngazi yake ya kuta tupu, na kabla mwanamke wa kwanza hajavua buibui mlango wake ulitiwa ufunguo kwa nje. Hakufunguliwa mpaka wa mwisho ametoka. Na kwa kuwa alikuwa na kidirisha cha kutazamia ili picha isipoteze ukali, wenye jumba walikibandika kadibodi nyeusi nusu ya chini. Aliona kioo cha sinema tu. Ukumbi hakuuona.

"Miaka yote ile," Opareta aliniambia, "mke wangu yumo mle ndani, hapo tini ya kadibodi. Mimi nnamtilia picha, nami simuoni."

Akirudi nyumbani alimwuliza, ulikaa wapi? Na kila Jumatano mkewe alikuwa na jibu jipya. Mbele kabisa, shingo yaniuma. Karibu na nguzo. Leo nilikuwa chini yako hasa, hukunisikia nikikohoa? Jumatano iliyofuata Opareta alitega sikio kusikiliza vikohozi, na ukumbi mzima wa wanawake ukamkoholea, na kila kikohozi akaona ni chake. Alidhani mkewe anamtania. Alidhani iko siku atasema la kweli. Mkewe akafariki hakusema.

"Wewe wajua kuchora," akasema. "Nifungulie hapo tini. Nimuone alipokaa, mara moja tu, nitosheke."

Ndilo alilolitaka. Hakuwahi kutaka kitu kingine kwangu kabla ya hapo.

Nilianza kazi nikiwa na moyo mkubwa. Ukumbi wenyewe, ukiwa mtupu, aliujua, kwa sababu aliufagia asubuhi. Viti vilikuwa vyekundu, akasema. Wiki ya pili vikawa buluu. Nguzo zilikuwa mbili, kisha nne, akanigombeza wiki nzima kwa kukosea idadi, kisha akashangaa nani alinitajia nguzo. Hayo niliyachukulia kuwa ni uzee. Lililonipoteza ni mkewe. Siku moja alikuwa na hakika kwamba alikaa kushoto, kwa sababu kicheko chake kilitoka kushoto. Siku nyingine alikaa kulia. Siku ya tatu nilipomkumbusha habari ya kicheko alinitazama kama mjinga.

"Kicheko gani? Sikupata kumsikia akicheka mle ndani hata siku moja. Ndilo lilokuwa likinitaabisha."

"Ami, juzi ulisema..."

"Juzi nilikuwa nikitaka iwe hivyo."

Sikujua nichore nini. Nilijaza viti wanawake, nikawafuta. Nilimweka mkewe kushoto, nikaona ni uongo. Kulia, uongo vile vile. Na muda ulikuwa unakwisha, wenzangu wanangoja sehemu yao ya sinema. Mutua alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Weka nyeusi hapo chini mambo yaishe," akasema, si kwa ubaya. "Si hata yeye alikuwa anaona hivyo?"

Ilikuwa kweli. Nikaweka. Mchezaji anasimama katika chumba cha mashini, anatazama kupitia kidirisha, mwanga unatoka begani kwake ukapita juu ya giza, vumbi linacheza ndani ya mwanga, kioo cha sinema kinang'aa mbali, na chini kuna pindo jeusi. Nilipendezwa nayo. Nikampelekea Opareta kwenye laptopu, alasiri, barazani kwake. Alitazama. Aliweka kidole gumba juu ya pindo, akalisugua polepole kutoka kushoto mpaka kulia, kama mtu anayetaka kuondoa doa.

"Hata wewe?" akasema.

Niliona aibu, na nilimwonea uchungu, na nilimkasirikia pia, maana mtu hawezi kukupa kumbukumbu za kila rangi kisha akakulaumu kwa kukosa rangi. Nilirudi nyumbani nikiwa na hayo yote kwa pamoja.

Mama alikuwa jikoni akichambua mchele. Kwa umri wake aliziona Jumatano zile, alikwenda na marehemu nyanya tangu ana umri wa kubebwa mpaka siku jumba lilipofungwa. Kwa nini sikumwuliza mapema sielewi. Nafikiri nilimwona Opareta kuwa ndiye mwenye sinema, na wengine wote ni watazamaji tu.

"Mama, mkewe Opareta alikuwa akikaa wapi, shoo ya Jumatano?"

Mama akacheka. "Hakuwa akikaa."

"Alisimama?"

"Hakuwa akiingia ndani, mwanangu. Alikaa ngazini." Akaacha kuchambua. "Ile ngazi ya kupandia kwa Opareta. Siku moja mle chumbani mwa mashini mlishika moto, sisi twaona picha imekatika, moshi watoka kwenye kidirisha, na yeye mefungiwa. Bibi wa tikiti ndiye mwenye ufunguo, naye ametoka nje kununua ndizi. Watu mbio huku na huku. Ule moto aliuzima Opareta mwenyewe, na ndizi zikaja, na ufunguo ukaja. Lakini mkewe alikuwa amepiga mlango ule kwa mikono mpaka mikono imefura. Tangu siku hiyo akauchukua ufunguo yeye. Mlango ukifungwa, akaa pale, mgongo mlangoni, mpaka shoo ishe. Picha hakuona tena hata moja. Tukitoka atuuliza, imekwishaje? Kila mtu amwambia lake."

"Na Opareta hajui?"

"Yeye ajua ufunguo u kwa bibi wa tikiti. Shoo ikisha, mkewe amrudishia yule bibi, ndiye aendaye kumfungulia."

"Kwa nini asimwambie?"

"Amwambie nini? Kwamba aogopa atateketea mle? Angeogopa naye, akatae kufungiwa. Na akikataa kufungiwa, baba zetu na waume zetu hawatuachi twende. Jumatano ndiyo basi. Alituapisha, na sisi tulitaka picha zetu, tukaapa." Akaurudia mchele wake. "Hukuwahi kumuona akituuliza mambo ya sinema? Hakuwa akiyajua hata kidogo."

Nilimwuliza kama nimwambie mzee au ninyamaze. Mama alisema aliyeficha hayupo na anayeuliza yupo, nifanye nionavyo. Hilo halikunisaidia. Nililala nikiwaza kwamba huyu mtu amekaa umri mzima akitega sikio kumsikiliza mkewe upande wa mbele, na mkewe yuko nyuma yake, ng'ambo ya mbao. Sikujua kama nikimwambia nampa kitu au namnyang'anya. Kama ni furaha, mbona nilitaka kulia? Kama ni huzuni, mbona nilikuwa na haraka kulipambazuke nianze kuchora?

Mutua alinishangaa nilipomwambia nataka mlango wa chumba cha mashini ufunguke. "Huko nyuma hakuna kitu," akasema. "Huo mlango ni rangi tu, hatujajenga." Nikamwambia ndiyo maana nimekuja. Nilijenga ngazi, nyembamba, kuta pande zote, taa moja. Na ukumbi nao niliujaza, kwa maelezo ya Mama: wanawake wametundika mabuibui, watoto wamelala kwenye vikapu, bibi mmoja amewapa jirani zake mgongo kwa ugomvi wa wiki iliyopita. Nyuso sikuchora. Kutoka juu nyuma huonekana migongo tu, na Mama aliniambia hiyo ni afadhali.

Nilimkuta Opareta barazani baada ya swala ya alasiri. Alikuwa amekonda. Mkononi alikuwa na mwavuli, akijikinga jua ambalo lilikuwa limeshapita ukuta wa pili.

"Masalkheri, Ami."

"Masalkheri, mwanangu. Mamako hajambo?"

"Hajambo, akusalimu sana."

"Umeniletea weusi tena?"

Nikamwekea laptopu magotini, nikamwonyesha kitufe cha kubonyeza. Alisita. Akabonyeza. Pindo la chini likateremka, likatoka, na ukumbi wa Jumatano ukawa pale, mzima, na mwanga ukipita juu ya vichwa vya wanawake.

Opareta akaanza kutafuta. Alipita kiti kwa kiti, kidole juu ya kioo bila kukigusa. "Huyu siye. Huyu mnene, lakini siye. Huyu nywele zake za chini. Yeye alifunga juu." Alimaliza safu moja akashika nyingine. Alifika safu ya mbele kabisa, akarudi ya nyuma, akaanza upya.

"Mbona hayumo?"

"Hayumo, Ami."

"Umemsahau?"

"Sikumsahau. Hakuwa akikaa humo." Nikamweleza kama Mama alivyonieleza, moshi, ndizi, mikono iliyofura, ufunguo. Nilimweleza polepole, na nilipofika mahali pa kiapo alifumba macho, nikadhani hanisikilizi. "Geuza picha, Ami. Tazama nyuma."

Alinirudishia laptopu nimgeuzie. Nikageuza. Wanawake wakapita, ukuta ukapita, mashini ikapita, ukaja mlango.

"Yupo hapo?"

"Yupo."

"Wafunguka?"

Nikaufungua. Mwanamke mnene amekaa kwenye kipandio cha juu, mgongo kwetu, nywele zimefungwa juu, ufunguo mkononi. Nilikuwa nimemchorea kanga. Nilikuwa nimemfanya apumue, mabega yapande na kushuka kidogo, basi.

Opareta alimtazama mpaka mwadhini wa msikiti wa jirani akakohoa kwenye kipaza sauti na kukizima tena. Machozi yalimtoka bila yeye kuyashughulikia. Nilitaka aseme kitu, chochote, anishukuru au anitukane, nijue nimefanya nini.

"Pale pana joto," akasema mwishowe. "Mashini yapiga joto mpaka nje. Wala hapana mahali pa upepo."

"Ndiyo, Ami."

"Mwekee dirisha."

Nilishangaa. Mtu huyu alinigombeza wiki nzima kwa sababu ya idadi ya nguzo. "Ami, ngazi ile haikuwa na dirisha. Wewe mwenyewe uliniambia ni kuta tupu."

"Najua haikuwa nalo. Mwekee."

Nikachora pale pale, laptopu magotini kwangu, yeye akinishikia mwavuli kukinga kioo na jua lile lile lililokwisha kupita. Nikatoboa ukuta, nikaweka fremu, nikaingiza mwanga ukamfika mkewe begani. Nikamwonyesha.

"Kubwa zaidi," akasema. "Alikaa pale miaka."